Pale Boriti Inapokutana na Ukuta: Mhadhara juu ya Kutathmini Sakafu na Dari za Nyumba za Zamani, kwa Wasikilizaji wa Kinampanda

Sakafu ya ghorofa katika nyumba ya zamani, na vilevile paa bapa la udongo linalofunika tembe, hubebwa na miti ambayo sehemu yake kubwa inaonekana na sehemu yake ndogo imefichwa, na makosa mengi makubwa katika kuzitathmini nyumba za namna hiyo hutokana na kuipima ile inayoonekana na kuiacha iliyofichwa. Mkaguzi huingia chumbani, hutazama juu, huona miti iliyopinda katikati, huandika kwamba dari imechoka, kisha hutoka bila kugusa mahali ambapo ncha za miti hiyo zimezama ndani ya ukuta. Mhadhara huu unashikilia kwamba utaratibu huo unapaswa kugeuzwa: tathmini ianzie kwenye ncha, ifuate njia ya maji, ihesabu uzito uliopo juu, na ndipo ifike katikati ya chumba, ambako dalili ni nyingi lakini hatari mara nyingi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Kiunzi cha sakafu, kwa maana inayotumika hapa, ni jumla ya miti yote inayopokea uzito wa watu, vyombo, mazao na udongo au chokaa, na kuupeleka uzito huo kwenye kuta au nguzo na hatimaye ardhini. Mti mkuu wa kiunzi hicho ni boriti, ambayo hulala mlalo kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine. Mahali ncha yake inapokaa huitwa egemeo. Na umbali ulio wazi kati ya egemeo moja na jingine ndio upana wazi, kipimo ambacho kina sauti kuliko vipimo vyote vingine katika kuamua kama mti utadumu. Juu ya boriti hupangwa fito, na juu ya fito huja tabaka la kufunikia, liwe la nyasi na udongo kama ilivyo bara, au la mawe na chokaa kama ilivyo pwani. Katika tembe kuna kiungo kimoja zaidi, nacho ni mwamba, yaani mti mnene unaolazwa juu ya nguzo zenye panda, ambao hupokea boriti nyingi kwa pamoja kabla ya kuushusha mzigo wake.

Kinampanda, katika Wilaya ya Iramba, inajulikana nchini kwa chuo chake cha ualimu na kwa kazi ya misheni ya Kilutheri ya Augustana, iliyotoka Marekani na kuanza shughuli zake Iramba katika miaka ya 1920. Kwa mada hii, hata hivyo, umuhimu wake ni mwingine. Mahali hapa pamo ndani ya ukanda wa matembe, unaoshika sehemu kubwa ya Tanzania ya kati, kwa Wagogo, Wasandawe, Warangi, Wanyaturu na Wanyiramba, hadi kwa Wanyamwezi upande wa magharibi, ambako nyumba ya pembe nne yenye paa bapa la udongo ilikuwa makao ya kawaida kwa vizazi vingi. Tembe la Kwihara, karibu na Tabora, ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, ni la jamii hiyo, ingawa jengo linaloonekana leo lilijengwa upya katika karne ya 20. Na Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam kinalo tembe la Kigogo miongoni mwa nyumba zake za asili. Kuhamia katika vijiji wakati wa miaka ya 1970, pamoja na kuenea kwa mabati, kulipunguza sana idadi ya matembe, na kwa namna fulani maarifa ya kuyatunza yalipungua pamoja nayo.

Inafaa kueleza kwa nini paa la tembe linaingizwa katika mada ya sakafu. Kwa mtu anayehesabu mizigo, paa bapa linalobeba sentimita 15 au 20 za udongo, na ambalo mtu anaweza kupanda juu yake na kuanika nafaka, ni sakafu iliyowekwa nje ya nyumba: miti yake inapinda kwa kanuni zilezile, inaoza mahali palepale, na inahitaji kukaguliwa kwa utaratibu uleule. Tofauti ni kwamba sakafu ya ghorofa hunyeshewa pale tu paa linapovuja, ilhali paa la tembe hunyeshewa kila msimu, na kwa hiyo fundi aliyejua kulikagua tembe alikuwa anajua sehemu kubwa ya yale ambayo mhandisi wa leo huyafundishwa darasani juu ya mbao za zamani.

Boriti inapowekewa mzigo ulioenea sawasawa, nyuzi zake za chini huvutwa na nyuzi zake za juu hugandamizwa, na mvutano huo huwa mkubwa zaidi katikati ya upana wazi na hufifia kadiri mtu anavyokaribia maegemeo. Kwenye maegemeo hali hugeuka: kupinda kunakaribia kuwa hakuna, lakini mkato, yaani ile kani inayotaka kuuteremsha mti upande mmoja wakati ukuta unaushikilia upande wa pili, hufikia kilele chake. Kutokana na hayo mti unaweza kufa kwa njia mbili zisizofanana. Ukizidiwa katikati, hulegea polepole, hulia, huonyesha ufa unaokatiza nyuzi upande wa chini, na mara nyingi huwapa wakazi wiki au miezi ya kuondoka. Ukizidiwa kwenye ncha, kwa kuwa ncha imeoza na egemeo limebaki vumbi lenye umbo la mti, huteleza na kuanguka bila kutangulia kupinda hata kidogo, na boriti inayoonekana imenyooka kuliko zote chumbani inaweza kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi kuanguka. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuanzia kwenye ncha.

Sababu ya pili inahusu unyevu. Kuvu anayeozesha mbao huhitaji unyevu unaozidi takribani asilimia 20 ya uzito wa mti mkavu, na mti ulio wazi ndani ya chumba chenye hewa, katika nchi kavu kama Iramba, hukaa chini sana ya kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ncha iliyozama ukutani haipati hewa hiyo. Maji yanayoshuka ndani ya ukuta kutoka paani, au yanayopanda kutoka kwenye msingi usio na kizuizi cha unyevu, huikuta ncha hiyo na kunywewa nayo kwa urahisi, kwa kuwa mti hunyonya maji kwa kasi kubwa zaidi kupitia sehemu iliyokatwa, ambako mishipa yake iko wazi, kuliko kupitia ubavuni. Kuna aina ya uozo, ule unaougeuza mti kuwa wa kahawia na kuupasua kwa vipande vya mraba, ambao huondoa zaidi ya nusu ya uwezo wa mti kustahimili mshtuko kabla uzito wake haujapungua kwa asilimia 10. Macho hayauoni uozo huo mapema, na mkono unaougusa mti kwa nje hauuhisi.

Mfano ulio wazi zaidi Afrika Mashariki wa tatizo hili ni nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Sakafu zake za ghorofa zilijengwa kwa boriti za mikoko, miti iliyokatwa katika maeneo kama delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu na kuuzwa kwa madaraja ya unene: fito, pau, mazio, boriti na nguzo, daraja la boriti likiwa na kipenyo cha takribani sentimita 11.5 hadi 14. Miti ya unene huo haiwezi kuvuka nafasi kubwa chini ya mzigo wa mawe, na kwa sababu hiyo vyumba vya pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, vilikuwa virefu na vyembamba, upana wake ukizunguka mita 2.5 hadi 3. Ni jambo la kuheshimiwa kwamba mti wa pwani uliamuru umbo la chumba, na umbo la chumba likaamuru maisha ya jamaa, na mtu anayebomoa ukuta wa kati ili apate sebule pana anapaswa kujua kwamba anagusa hesabu iliyofanywa karne nyingi kabla yake.

Hesabu hiyo inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Upana wazi ukiongezwa mara mbili huku mzigo wa kila mita ukibaki uleule, nguvu ya kupindisha boriti huongezeka mara 4, na kiasi cha kulegea katikati huongezeka mara 16. Kwa upande wa unene, uwezo wa mti wa mviringo kustahimili kupinda hutegemea kipenyo kilichozidishwa mara tatu kwa chenyewe, na ugumu wake, yaani uwezo wa kukataa kulegea, hutegemea kipenyo kilichozidishwa mara nne. Boriti ya sentimita 12 iliyoliwa na wadudu pande zote hadi ikabaki na sentimita 10 za mti mzima imepoteza sentimita 2 tu kwa macho ya mpita njia, lakini nguvu iliyobaki ni takribani asilimia 58 ya ile ya awali, na ugumu uliobaki haufiki nusu. Fundi asiyejua hesabu hizi huona hasara ya sehemu moja kwa sita na kuidharau.

Juu ya boriti hizo hukaa sakafu ya mawe ya matumbawe na chokaa, ambayo katika nyumba nyingi ina unene wa sentimita 20 hadi 30, na ikihesabiwa kwa uzito wa kilo 1,800 kwa mita moja ya ujazo, sentimita 25 zake hulemea kila mita ya mraba kwa kilo 450, kabla mtu yeyote hajaingia chumbani. Ndani ya sakafu hiyo imehifadhiwa historia ambayo mkaguzi makini anaweza kuisoma. Boriti zinapolegea miaka inavyopita, uso wa sakafu hubonyea, na wenye nyumba hulisawazisha bonde hilo kwa tabaka jipya la chokaa. Tabaka huongeza uzito, uzito huongeza kulegea, na kulegea huita tabaka jingine. Kwa hiyo mkaguzi anayekuta dari iliyobonyea upande wa chini ilhali sakafu ya juu yake imenyooka hapaswi kufurahi, kwa maana tofauti kati ya nyuso hizo mbili ni kipimo cha mzigo ulioongezwa baadaye, mzigo ambao mjenzi wa kwanza hakuukusudia.

Jengo la Beit al-Ajaib la Mji Mkongwe, lililojengwa mwaka 1883 katika utawala wa Sultani Barghash, lina ushuhuda wake katika jambo hili, ingawa kiunzi chake kilichanganya boriti za mikoko na vyuma, na baraza zake zilisimama juu ya nguzo za chuma. Sehemu yake ilianguka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, upande wake wa mbele pamoja na mnara vilibomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Kinachowahusu wakaguzi wa nyumba ndogo katika msiba huo ni mpangilio wa matukio: jengo lililokaa miaka 137 lilionya miaka 8 kabla, na lilianguka katika wakati ambao watu walikuwa ndani yake wakilihudumia. Nyumba ya zamani huzoea ulemavu wake. Ukuta uliopaswa kubebwa na boriti sasa unaibeba boriti, mlango uliopinda umekuwa nguzo, na mizigo imepata njia ambazo hazimo katika mchoro wowote. Anayeanza kubandua na kuchokoa bila kuweka mihimili ya muda hukata njia hizo bila kujua kwamba zipo, na ndiyo maana mihimili ya muda ni sehemu ya ukaguzi wenyewe, wala haipaswi kusubiri ujenzi uanze.

Tembe halisomwi kwa namna ileile katika kila jambo. Ukuta wa Mji Mkongwe ni wa mawe, unene wake hufika nusu mita na kuzidi, na ndio unaobeba. Ukuta wa tembe, kinyume chake, mara nyingi ni miti na udongo uliojazwa kati ya nguzo, na mzigo wa paa hupita kwenye panda na nguzo bila kuutegemea sana udongo huo. Kutokana na hilo ufa mpana katika udongo wa ukuta wa tembe unaweza kuwa hauna maana kubwa kwa usalama wa paa, wakati ufa kama huo Zanzibar ungetosha kuwaondoa watu chumbani. Ncha ya hatari katika tembe haiko juu peke yake, iko pia chini: ni pale nguzo inapoingia ardhini, katika sentimita chache za juu na chini ya uso wa udongo, ambako unyevu wa ardhi na hewa vinakutana. Chini zaidi kuvu hukosa hewa, na juu zaidi hukosa maji, lakini katika mpaka huo vyote viwili hupatikana pamoja. Nguzo inaweza kuonekana nzima kuanzia magotini hadi kwenye panda, na ikakatika kama bua kwenye kifundo. Mkaguzi wa tembe kwa hiyo hufukua udongo kuzunguka kila nguzo kwa kina cha mkono mmoja kabla ya kuinua macho yake paani.

Mahali pa pili pa kufukua ni ukingoni mwa paa, ambako maji ya mvua hutoka. Mkoa wa Singida hupata mvua ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kiasi chake kwa mwaka katika sehemu nyingi ni kati ya milimita 500 na 800. Ni mvua kidogo ikilinganishwa na pwani, lakini huja kwa dhoruba nzito, na mto mdogo unaotoka juu ya paa hukata udongo wa ukingo, hufunua ncha za boriti na kuziloanisha kwa miezi mitano mfululizo, kisha jua la Juni hadi Oktoba huzikausha na kuzipasua. Nyufa zilizofunguliwa na kiangazi ndizo njia za maji ya masika yajayo.

Uzito wa udongo wenyewe unastahili kuhesabiwa kwa uwazi, kwa kuwa hapa ndipo mazoea mema hugeuka kuwa hatari. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye udongo wa sentimita 20 juu yake hubeba, udongo ukiwa mkavu na ukikadiriwa kuwa na kilo 1,500 kwa mita ya ujazo, jumla ya kilo 3,600. Udongo huo ukilowa hadi kufikia kilo 1,900, mzigo huwa kilo 4,560, yaani karibu tani nzima imeongezeka usiku mmoja wa mvua bila mtu kupandisha kitu chochote. Mwenye nyumba anapoziba mivujo kabla ya msimu kwa kuongeza sentimita 5 za udongo mpya juu ya ule wa zamani, anaongeza kilo 900 katika chumba hichohicho, na akifanya hivyo mara nne bila kuondoa chochote atakuwa ameufanya mzigo wa paa mara mbili juu ya miti ambayo wakati huohuo inazeeka. Paa lililovuja lingetengenezwa vizuri zaidi kwa kuondoa tabaka la juu lililopasuka na kulibadilisha kwa unene uleule. Kazi hiyo ni ngumu, na ugumu wake ndio sababu ya kuachwa.

Nyumba zilizofuata baada ya tembe, zenye kuta za tofali na paa la bati, hazijaliondoa tatizo, kwa maana ndani ya baadhi yake kuna dari ya mbao inayotumika kama ghala. Mizigo inayokusudiwa katika sakafu za makazi, kwa vipimo ambavyo wahandisi wamezoea kuvitumia, ni takribani kilo 150 kwa kila mita ya mraba, na kiasi hicho kinatosha kwa watu na samani zao. Magunia 10 ya mtama yenye kilo 100 kila moja, yakipangwa juu ya mita 4 za mraba, hufanya kilo 250 kwa kila mita ya mraba, na katika mwaka wa mavuno mazuri hakuna anayeishia kwenye magunia 10. Dari iliyotundikwa kwa ajili ya kuzuia joto la bati na vumbi haikujengwa kubeba mavuno ya mtama au alizeti, na mkaguzi anapaswa kuuliza matumizi ya dari kabla ya kupima chochote, tena aulize matumizi ya mwezi wa Julai na si ya siku aliyofika tu.

Baada ya maji na uzito huja wadudu, ambao wanatofautiana kwa tabia na hawapaswi kuchanganywa. Mchwa wa ardhini hutoka kwenye kichuguu au udongo chini ya nyumba, na hawawezi kuishi mbali na unyevu, kwa hiyo hujenga vijia vya udongo juu ya kuta na nguzo. Kijia kilichovunjwa ambacho kimezibwa tena baada ya siku chache ni ushahidi kwamba kundi lipo na linafanya kazi. Mchwa wa mbao kavu hawahitaji ardhi, huishi ndani ya mti wenyewe, na dalili yao ni chembe ndogo ngumu, mithili ya mchanga, zinazoanguka chini ya tundu. Dumuzi huacha unga laini na matundu madogo ya mviringo, na kwa kawaida hula ile sehemu ya nje ya mti yenye rangi hafifu, wakiacha kiini. Tofauti hiyo ya mwisho ina faida kubwa katika tathmini: boriti ya mninga iliyotobolewa pembeni inaweza kuwa na kiini kizima kilichobaki, na swali linalopaswa kujibiwa ni kama kipenyo cha kiini hicho peke yake kinatosha kubeba mzigo, kwa hesabu ya kipenyo iliyokwisha kuelezwa.

Vifaa vya ukaguzi vinavyohitajika kwa sehemu kubwa ya kazi hii vinapatikana katika kila karakana ya seremala, na ni kosa kudhani kwamba bila mashine za ughaibuni hakuna tathmini. Kisu chenye ncha kikichomwa kwenye mti kwa mshazari na kuinuliwa huvunja kipande kidogo: kipande kikitoka kirefu, chenye nyuzi zilizochanika, mti ni mzima, kikikatika kifupi na kwa ukavu, nyuzi zimekwisha kuharibiwa hata kama rangi haijabadilika. Nyundo hutoa mlio mkali kwenye mti mzima na mlio mzito kwenye mti uliooza au uliotobolewa ndani, lakini mlio huo unapaswa kulinganishwa kati ya boriti na boriti za nyumba hiyohiyo, kwa kuwa kila aina ya mti ina sauti yake. Pale ambapo ncha imefichwa, keekee yenye sindano nyembamba, isiyozidi milimita 6, ielekezwe kwa mshazari kuelekea ndani ya ukuta, na vumbi linalotoka lichunguzwe kwa vidole: vumbi lenye vipande vikavu ni la mti mzima, na vumbi jeusi lenye unyevu ni la mti uliooza. Ikiwa sindano itaingia ghafla bila kukinzwa, fundi atakuwa amefika kwenye utupu, na anapaswa kusimamisha kazi na kuweka muhimili chini ya boriti hiyo kabla ya kuendelea.

Kulegea hupimwa kwa uzi uliovutwa kutoka ncha hadi ncha chini ya boriti, na usawa wa maegemeo hupimwa kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga uliojazwa maji, kifaa ambacho waashi wamekitumia kwa muda mrefu na ambacho katika chumba kirefu hukosea kidogo kuliko pima maji fupi ya mbao. Vipimo vinavyopatikana havina budi kutafsiriwa kwa busara. Kigezo kinachotumika kwa dari mpya zenye plasta ni kwamba boriti isilegee zaidi ya sehemu 1 ya 360 ya upana wazi, ambayo kwa mita 3 ni kama milimita 8. Boriti nyingi za zamani zimevuka kiwango hicho mara tatu au nne na bado zimesimama, kwa sababu mti unaobebeshwa mzigo wa kudumu huendelea kulegea taratibu kwa miaka mingi hata bila kuvunjika nyuzi. Kigezo cha nyumba mpya hulinda plasta isipasuke, na kukitumia kuhukumu tembe au nyumba ya mawe ni kuhukumu uzee kana kwamba ni ugonjwa. Swali la maana ni kama kulegea kunaendelea, na kama boriti moja imelegea tofauti na jirani zake.

Nyufa za boriti nazo zina daraja. Ufa unaofuata nyuzi kwa urefu, uliotokana na mti kukauka, katikati ya boriti hauna madhara makubwa. Ufa huohuo ukifika kwenye egemeo unapunguza uwezo wa kustahimili mkato, na unahitaji kuangaliwa. Na ufa unaokatiza nyuzi upande wa chini katikati ya upana wazi, hata uwe mfupi kiasi gani, una maana kwamba nyuzi zilizovutwa zimeanza kukatika, na hakuna sababu ya kuendelea kupima kabla ya kuondoa watu na mizigo.

Kuna tengenezo moja ambalo mhadhara huu unalipinga bila kusitasita, nalo ni kumwaga zege juu ya boriti za zamani, au kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa au udongo unaozishikilia. Zege la sentimita 5 huongeza takribani kilo 120 kwa kila mita ya mraba juu ya miti ambayo tayari inashukiwa kuwa dhaifu. Lipu ya saruji, kwa upande wake, hupasuka kwa nyufa nyembamba zinazoingiza maji, kisha huyazuia yasitoke, kwa kuwa haipumui kama chokaa au udongo ulivyopumua. Unyevu uliokuwa ukikauka kupitia uso wa ukuta hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni ncha ya boriti. Watu wengi wenye nia njema wametumia fedha zao za akiba kwa namna hii, na miaka michache baadaye dari ikawa katika hali mbaya kuliko kama isingeguswa. Ncha iliyooza hutengenezwa kwa kuikata hadi kwenye mti mzima, kuiunga na kipande kipya chenye kiini kigumu kwa boliti zinazopita pande zote mbili, au kwa kuipitishia ubao wa pembeni unaofika egemeoni, na kisha kuacha nafasi ndogo ya hewa kuzunguka ncha badala ya kuishindilia ndani ya udaka uliobana.

Mihimili ya muda inayosimamishwa wakati wa kazi hiyo inapaswa kufika ardhini. Muhimili unaosimama juu ya sakafu ya chini hauondoi hatari, huihamishia kwenye boriti nyingine ambayo pengine ni dhaifu zaidi. Katika nyumba ya ghorofa mbili, mihimili ya chini lazima ikae moja kwa moja chini ya ile ya juu, juu ya mbao pana zinazotawanya uzito. Udongo wa paa la tembe uondolewe kwa tabaka nyembamba katika eneo lote, wala usiondolewe upande mmoja hadi mwisho huku mwingine ukiwa umejaa, kwa sababu nguzo zilizooza kwenye mpaka wa ardhi husimama kwa kusawazishwa na mizigo ya pande zote, na paa zima linaweza kulala upande uliobaki mzito.

Pale ambapo hali si ya kutisha wala si ya kuridhisha, na nyumba nyingi ziko katika daraja hilo la kati, tathmini moja haitoshi. Vipimo vya uzi na vya mpira wa maji vichukuliwe mwishoni mwa Oktoba, udongo ukiwa mkavu kabisa, na virudiwe mwishoni mwa Aprili, kwenye alama zilezile zilizochorwa juu ya miti. Boriti iliyoshuka wakati wa mvua na kurudi karibu na mahali pake wakati wa kiangazi inafanya kazi yake. Iliyoshuka na isirudi, mwaka wa kwanza na wa pili, inahitaji kusaidiwa hata kama haina tundu wala doa. Kila boriti ipewe namba, na taarifa ya ukaguzi itaje hali ya kila ncha peke yake, ya kaskazini na ya kusini au ya mashariki na ya magharibi, pamoja na njia iliyotumika kuifikia. Ncha ambazo hazikufunguliwa ziandikwe kwamba hazikufunguliwa, zisiachwe tupu wala zisiitwe nzima, ili mkaguzi wa msimu unaofuata aanze nazo.